Maji yakipanda Gatumba, sadaka ipite mlango upi?

BUJUMBURA. Barabara ya kutoka katikati ya jiji kwenda mpaka wa Congo hupita Gatumba. Kwa mfanyabiashara wa Ruvumera anayepeleka bidhaa Uvira, au mama anayerudi kutoka Kavimvira na vitenge begani, hiyo ni njia ya kila siku. Aprili 2024 njia hiyo ilizungukwa na maji. Mvua zilizoanza Septemba 2023, zikiongezwa nguvu na El Niño, zilikuwa zimejaza mto Rusizi na kupandisha Ziwa Tanganyika. Katika baadhi ya mitaa ya Gatumba watu walitoka majumbani mwao kwa mitumbwi. Mwezi huohuo Serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa ziliomba msaada kwa pamoja, zikieleza kuwa zaidi ya watu 200,000 walikuwa wameathirika.

Habari za namna hiyo zikifika sokoni, simu huanza kulia. Ujumbe mmoja huomba mchango kwa Lumicash. Mwingine hutangaza kwamba kuna lori linakusanya nguo. Wa tatu huwa na picha ya mtoto aliyesimama ndani ya maji, na chini yake nambari ya simu isiyo na jina. Wafanyabiashara ni miongoni mwa wa kwanza kuombwa, kwa kuwa wanajulikana kushika fedha kila siku, na wengi hutoa. Wanaouliza baadaye kama kilichotolewa kilifika ni wachache.

Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo hawezi kulipia gunia la mchele bila kulipima. Hawezi kumtumia fedha muuzaji wa Kigoma asiyemfahamu bila kumpigia mtu wa tatu na kuuliza habari zake. Anataka risiti, anataka jina la dereva, anataka kujua mzigo umefika wapi. Lakini linapokuja suala la sadaka, tahadhari yote huwekwa kando, kana kwamba kuuliza ni dhambi. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha ya msaada nayo ni mali, na mwenye haki nayo ni yule aliyepoteza nyumba.

Maji hayaulizi pasipoti

Watu wa pwani hii ya ziwa wanayajua maafa. Januari 27, 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto, na wafanyabiashara wengi wakapoteza mtaji wote katika asubuhi moja. Mwaka mmoja baadaye, usiku wa Februari 9 kuamkia 10, 2014, mvua kubwa ilishusha maji na matope kutoka milimani hadi mitaa ya kaskazini ya jiji. Zaidi ya watu 60 walikufa na maelfu wakabaki bila makazi.

Aprili 2020 maafa yaligonga pande zote mbili za mpaka ndani ya siku chache. Usiku wa kuamkia Aprili 17, mto Mulongwe na mito mingine ya Uvira ilifurika na kuua makumi ya watu. Siku chache baadaye Rusizi ilivunja kingo zake na kuifunika Gatumba. Mei 2023 ikawa zamu ya Rwanda, ambako zaidi ya watu 130 walikufa kwa mafuriko na maporomoko ya udongo, na mara baada ya hapo vijiji vya Kalehe, Kivu Kusini, vikazikwa kwa matope na kuacha zaidi ya watu 400 wamekufa. Desemba 3 mwaka huohuo matope yaliporomoka kutoka mlima Hanang, Tanzania. Aprili 2024, Gatumba ikiwa ndani ya maji, Mai Mahiu nchini Kenya nayo ilikuwa inazika watu wake.

Kwa hiyo kutoa wakati wa maafa si fadhila kwa watu wa mbali. Aliyefurikiwa Uvira ni mteja wa Bujumbura. Aliyehama Gatumba huenda ni mbeba mizigo, mkopaji au muuzaji ambaye kitabu chake cha madeni kimelowa. Akifilisika, hasara yake hufika sokoni kabla ya mwezi kwisha. Ndiyo maana mfanyabiashara ana sababu mbili za kutaka msaada ufike: utu wake, na biashara yake.

Nambari hii ni ya nani?

Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera, Tanzania, na kuharibu maelfu ya nyumba, wengi wa walioumia wakiwa Bukoba na vitongoji vyake. Michango ilimiminika kutoka ndani na nje ya nchi. Kabla mwezi haujaisha, Rais John Magufuli aliwaondoa kazini maofisa wa serikali mkoani humo kwa tuhuma kwamba walikuwa wamefungua akaunti nyingine ya benki yenye jina linalofanana na la akaunti rasmi ya maafa.

Tukio hilo lina somo rahisi. Jina zuri kwenye akaunti si uthibitisho, hata jina lenyewe likiwa na neno maafa. Nambari inayofaa kutumiwa fedha ni ile ambayo mtoaji ameipata mwenyewe kutoka kwenye chanzo: ofisi ya shirika, tangazo lake rasmi, au tawi lake la mtaani. Ile iliyosambazwa na rafiki wa rafiki haitoshi. Kwenye huduma za fedha kwa simu, jina la mpokeaji likionekana kabla ya kuthibitisha malipo, mtoaji na alisome. Kama shirika linaomba mchango lakini jina linalotokea ni la mtu binafsi, bora asimame hapo hadi apate maelezo.

Mfano wa upande wa pili upo Kenya. Julai 2011, ukame ulipoiangusha Pembe ya Afrika, kampuni, vyombo vya habari na Msalaba Mwekundu wa Kenya walianzisha kampeni ya Kenyans for Kenya. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 katika wiki 4, na lilivukwa kwa mbali. Wananchi wa kawaida walituma viasi vidogo kwa simu. Waliokusanya walijulikana kwa majina, mahali pa kutuma palitangazwa hadharani na jumla ya makusanyo ilikuwa ikitajwa kwenye vyombo vya habari. Mtoaji alijua fedha yake imeingia mlango upi.

Kwa Bujumbura, maswali ya kuuliza si mengi. Chama kinachochangisha kimesajiliwa? Vyama visivyo vya faida, ambavyo Warundi huviita ASBL, husajiliwa serikalini na vinapaswa kuwa na hati ya kuonyesha. Kilikuwapo kabla ya mafuriko, au kimezaliwa pamoja nayo? Kinafanya kazi mtaa gani hasa, na nani wa mtaa huo anakifahamu? Kinatoa risiti? Msimu uliopita kilitoa taarifa ya matumizi? Chama cha kweli hakikasirishwi na maswali haya. Anayejibu kwa kumlaumu mwombaji wa risiti kuwa hana imani, amejibu tayari.

Msalaba Mwekundu wa Burundi, ulioanzishwa 1963, una wajitoleaji hadi ngazi ya kolini, na mara nyingi ndio hufika kwanza maji yanapopanda. Yapo pia mashirika ya dini kama Caritas Burundi, na misikiti ya Buyenzi ina mazoea ya kukusanya kwa ajili ya wenye shida. Ukubwa wa jina, hata hivyo, haumwondolei mtoaji wajibu wa kuuliza. Kanuni za maadili ambazo Msalaba Mwekundu na mashirika mengine ya misaada walizikubali 1994 zinasema msaada hutolewa kwa kuangalia mahitaji peke yake, bila kujali kabila, dini wala uraia, na kwamba mashirika yanawajibika kwa wanaosaidiwa na kwa wanaotoa. Hicho ni kipimo ambacho hata kikundi kidogo cha mtaani kinaweza kupimwa nacho.

Lipo swali lingine ambalo Kagera ililifundisha. Baada ya tetemeko, serikali ilieleza kwamba michango itaelekezwa zaidi kwenye shule, zahanati na miundombinu ya umma, na kwamba wananchi wajenge upya nyumba zao wenyewe. Wapo waliochanga wakidhani wanamjengea mtu nyumba. Kujenga shule si kosa, lakini mtoaji anastahili kujua tangu mwanzo fedha yake itafanya nini. Swali hilo huulizwa kabla ya kutuma.

Fedha au magunia?

Mfanyabiashara akisikia mafuriko, hufikiria kwanza bidhaa: mablanketi, unga, nguo, maziwa. Ni jambo la kueleweka, maana bidhaa ndiyo kazi yake. Lakini ni yeye pia anayejua vizuri kuliko wengine kwamba mzigo una gharama.

Tuseme wafanyabiashara 20 wanatoa faranga 20,000 kila mmoja. Jumla ni faranga 400,000. Wakinunua nguo kuukuu ng'ambo ya mpaka na kuzisafirisha, tuseme gari ni 90,000 na wapakiaji 20,000. Zimebaki 290,000, na nguo zenyewe huenda si kile ambacho familia iliyohama ilikuwa inakihitaji. Huenda ilihitaji kodi ya chumba mahali pakavu, dawa ya mtoto, au sufuria. Fedha taslimu hununua vyote hivyo, na hununuliwa katika soko lililo karibu, kwa muuzaji ambaye naye amepoteza wateja kwa sababu ya mafuriko. Ndiyo sababu mashirika mengi ya misaada siku hizi huwapa waathirika fedha badala ya vitu, pale soko linapokuwa bado linafanya kazi.

Bidhaa zina nafasi yake. Barabara ikikatika na maduka yakafungwa, fedha haina cha kununua, na hapo lori la unga na sabuni ni uhai. Kipindupindu kikinyemelea, kama kilivyotangazwa Burundi Januari 2023, sabuni, ndoo zenye mifuniko na dawa ya kutibu maji huwa na thamani kuliko nguo. La msingi ni kuuliza kinachohitajika kabla ya kununua.

Vitu viwili havifai kupelekwa kwa kubahatisha. Cha kwanza ni dawa. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, jimbo la Aceh nchini Indonesia lilipokea maelfu ya tani za dawa, nyingi zikiwa na maandishi yasiyosomeka kwa wahudumu wa huko, na nyingine muda wake ukiwa umepita au umekaribia kwisha. Wenyeji walibaki na mzigo wa kuziteketeza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya muda wake kwisha zinapofika, na zisiwe mabaki ya wagonjwa. Cha pili ni maziwa ya unga ya watoto wachanga. Shirika hilo na UNICEF yanashauri yasigawiwe ovyo wakati wa maafa, kwa sababu huchanganywa na maji machafu na kumfanya mama aache kunyonyesha. Mtoto aliyeokolewa kwenye mafuriko anaweza kupotea kwa kuharisha.

Halafu kuna forodha. Wengi hudhani mzigo wa msaada hupita mpakani bure. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, katika Jedwali la Tano, kweli inasamehe ushuru bidhaa za dharura kama nafaka, unga, mahema na dawa zinapoingizwa kwa ajili ya eneo lililopigwa na maafa. Lakini msamaha huo una masharti. Anayeingiza awe serikali au wakala wake, au shirika lililoidhinishwa na mamlaka inayosimamia maafa, na mzigo uingie ndani ya muda uliowekwa. Mfanyabiashara anayefika Kobero na magunia 30 ya mahindi na kusema ni sadaka, mbele ya ofisa wa OBR ni mwingizaji kama wengine. Akitaka mzigo upite kwa msamaha, akubaliane kwanza na shirika lenye kibali na nyaraka ziandikwe kwa jina la shirika hilo. Kwa Congo, iliyojiunga na Jumuiya 2022, ni busara kuuliza ofisi za forodha za huko, DGDA, kabla ya kupakia gari.

Njia nyepesi zaidi kwa aliye nchi nyingine ni kutoa kwao. Msalaba Mwekundu una chama Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Congo kama ulivyo nao Burundi, na vyama hivyo ni wa ukoo mmoja. Mtu wa Kigoma anayetaka kuisaidia Gatumba aulize chama cha nchini mwake kama kinapokea mchango kwa ajili ya maafa hayo na kitaufikishaje.

Gharama ya gari si wizi

Kuna kipimo kimoja ambacho watoaji hukipenda na ambacho huwapoteza: kutaka kila faranga imfikie mwathirika, bila hata moja kutumika njiani. Anayeahidi hivyo, ama hajui kazi au hasemi ukweli. Msaada unahitaji mafuta ya gari, ghala lisilovuja, mtu wa kuandika majina na mhasibu wa kufunga hesabu. Mwenye duka anajua kwamba duka lisilo na mhasibu si rahisi kwa gharama, bali ni rahisi kuibiwa.

Swali bora ni jinsi gharama hizo zinavyoelezwa. Shirika linaloandika kwamba sehemu fulani ilikwenda kwenye usafiri na sehemu fulani kwa familia kadhaa za mtaa fulani, linaweza kukaguliwa. Linaloonyesha picha za magunia na viongozi waliosimama mbele yake, bila hesabu, haliwezi.

Liulizwe pia namna orodha ya wanaosaidiwa inavyopatikana. Mafuriko hayachagui kati ya mwenye nyumba na mpangaji, lakini orodha inaweza kuchagua. Wajane, wapangaji wa chumba kimoja, wageni kutoka ng'ambo ya mto na wale waliohamia kwa ndugu badala ya kambini ni rahisi kusahaulika. Shirika makini hueleza jinsi linavyowatafuta, na mahali ambapo aliyeachwa anaweza kulalamika.

Maji hayashuki kwa wiki moja

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga, unaotoka upande wa Kalemie, Congo. Likijaa, hushuka polepole. Wazee wa Bujumbura wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1960, ziwa lilipopanda hadi kiwango cha kihistoria mwaka 1964. Hata baada ya mvua kukatika, nyumba za kandokando hubaki na maji kwa miezi, na kuta za matofali mabichi huanguka zenyewe.

Michango haifuati mwendo huo. Huja kwa kishindo wiki ambayo picha ziko kwenye simu, kisha hukauka. Baada ya mafuriko ya Gatumba ya 2020, kuna familia zilizobaki kwenye hifadhi za muda, ikiwamo Maramvya-Sobel, muda mrefu baada ya habari zao kuacha kuandikwa. Huo ndio wakati hema linapochanika, mtoto anaporudishwa shule bila daftari, na mama aliyekuwa akiuza ndagala anapokosa mtaji wa kuanzia hata beseni moja.

Kwa hiyo mtoaji mwenye faranga 100,000 si lazima azitume zote siku ya kwanza. Anaweza kutoa nusu mara moja kwa ajili ya chakula, maji safi na mahali pa kulala, na kuweka nusu kwa miezi mitatu ijayo, wakati wa kujenga na kurudi kazini. Kwa mfanyabiashara, kumrudishia mwenzake mtaji mdogo au kumsamehe deni lililolowa kunaweza kuwa msaada mkubwa kuliko gunia.

Daftari la kikundi

Wafanyabiashara wengi wa mpakani wamo katika vikundi vya kuweka na kukopa. Kikundi cha namna hiyo kina kila kitu kinachohitajika kwa kutoa kwa busara: mwenyekiti, mweka hazina, daftari na mkutano wa kila wiki. Kinachobaki ni kukitumia kabla maafa hayajafika.

Kikundi kinaweza kukubaliana mapema kutenga kiasi kidogo kila mwezi, kuchagua shirika moja au mawili yaliyokwisha kuulizwa maswali, na kuandika nambari zao sahihi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Maji yakipanda, hakuna haja ya kuhangaika na jumbe za simu. Watu wawili hutuma fedha pamoja, risiti hubandikwa kwenye daftari, na baada ya miezi mitatu mmoja wao huenda kuangalia au huliomba shirika taarifa. Yaliyopatikana husomwa mbele ya wote. Shirika lililofanya vizuri hurudiwa. Lisilojibu hufutwa.

Wapo watakaosema sadaka haitangazwi. Ni kweli kwamba wengi wamelelewa kutoa kwa siri, na hiyo ni heshima. Lakini siri inayosifiwa ni ya jina la mtoaji. Njia ambayo fedha imepita haihitaji kufichwa, na risiti inaweza kukaa mfukoni bila mtu yeyote kujua nani alitoa kiasi gani.

Kutoa ni moyo, si utajiri, na moyo huo haujawahi kupungua Buyenzi, Uvira wala Kigoma. Mvua nazo zitarudi, maana Rusizi haijabadilisha njia na milima ya juu ya Bujumbura bado inateremsha udongo. Siku zitakaporudi, mama aliyepanda juu ya meza Gatumba akiwa na watoto wake hataweza kukagua akaunti ya mtu yeyote. Kazi hiyo imebaki kwa aliye mahali pakavu, mwenye simu mkononi na faranga mfukoni, anayekaribia kubonyeza kitufe cha kutuma.